Viwavi Kwenye Marando ya Owiti

Karungu, Migori
Jumapili mchana

Dada yangu Leokadia,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umevimba tena, na kwamba huendi hospitali mpaka umalize kupanda. Nenda, Dada. Mahindi hayana shukrani. Na mama mkwe wako bado analalamika kwamba chai yako ni maji ya moto? Mwongezee majani umnyamazishe. Msalimie shemeji na watoto. Sisi huku ni wazima, kwa maana kwamba kunakucha na tunaamka.

Barua hii anakuletea Mama Kulwa, yule wa Bunda anayekuja kununua dagaa, ambaye akifika huku lazima aseme omena ndipo auziwe. Yuko nje anakunywa uji na mama mkwe wangu, nimemwomba anivumilie mpaka jua lipunguze makali. Kwenye simu nisingeweza kusema haya. Ukinipigia huwa kuna mtu amekaa karibu, na nikitoka nje kuongea wanaona ninawasengenya.

Umeniuliza mara nyingi, nami nakujibu "nitakwambia" mpaka umechoka. Je, Kaka Daudi aje na gari siku za kilio zikiisha anibebe na vitu vyangu nirudi Bunda moja kwa moja, au nibaki huku kwa watu wa marehemu Owiti? Leo nakujibu. Lakini jibu lenyewe linaanzia kwenye viwavi, kwa hiyo vumilia, na usicheke kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka ulivyoniacha. Siku ya mazishi ulinifinya mkono ukaninong'oneza, "Lia, Vene, watu wanakuangalia." Nilijaribu, Dada. Huku mtu akifa watu hulia kwa sauti, hukimbia uwanjani wakimwita kwa jina, hata aliyefuata pilau hulia kwanza ndipo anawe mikono. Mimi mwenye mume nilikaa kwenye kiti cha plastiki kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Wale walionionea huruma walisema nimejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Owiti aliondoka Jumatatu kwenda Awendo kwenye trekta lake la miwa, kama Jumatatu zote, akaniambia nisisahau kumwagilia marando ya viazi. Kisha trekta likapinduka, wakamleta kwenye sanduku. Nilikuwa nikiangalia lile sanduku na kuwaza kwamba sijamwagilia marando.

Mama hakunisamehe kwa hilo. Ninaposema Mama sasa ujue ni mama yake Owiti. Zamani aliniita nyar Tanzania, binti wa Tanzania, akinitania kwamba nilivuka mpaka kumfuata mwanawe kama mbuzi anavyofuata chumvi. Baada ya mazishi akaacha kunitania, halafu akaacha kuniita kabisa. Chai yangu aliiweka kizingitini akaondoka. Siku moja nilimsikia akimwambia mtu, "Hata kuku ikifiwa inalia." Sikuona uchungu. Niliona ni kweli tu, nikaendelea kufua.

Masharti ya mjane unayajua kidogo, ngoja nikueleze vizuri. Akiwa kwenye kilio, haruhusiwi kulala nje ya boma, haingii nyumba za watu, na hashiki jembe. Jembe ndilo kubwa. Mpaka wazee wakae, aombewe, mama mkwe atangulie kupanda, ndipo na yeye aruhusiwe kuchimba udongo. Familia hii ni Wasabato, na mchungaji wao anasema mambo hayo yalishapita. Mama huitikia amina, kisha akirudi nyumbani jembe langu liko palepale, chini ya kitanda chake.

Kwa hiyo boma likawa ndiyo dunia yangu. Nyumba yetu, kaburi la Owiti kulia kwa mlango, nyumba ya Mama, nyumba ya shemeji yangu Okelo na mkewe Mama Brenda, choo, na nyuma ya jiko langu yale matuta ya marando aliyoyapanda mwenyewe. Hapo ndipo nilipozunguka. Nilikuwa naamka, nafagia, nakaa. Jua likinifikia miguuni nasogea.

Asubuhi moja nilikwenda kuchuma matembele nikakuta majani yameliwa, imebaki mishipa tu. Chini kulikuwa na vinyesi vyeusi vikavu kama pilipili manga. Nikafunua rando, nikamwona. Kiwavi wa kijani, mnene kama kidole gumba changu, ana mistari iliyolala mshazari ubavuni na pembe moja, lakini pembe yenyewe iko mkiani. Mwaka jana ningemkanyaga huku namtukana. Niliinua mguu kweli, kisha nikaona kuushusha ni kazi. Usije ukaniandikia huruma ambayo sikuwa nayo. Sikumwonea huruma. Nilimtazama tu, naye akainua kichwa akatulia, na nadhani nilimchukua kwa sababu siku hiyo ndiye kiumbe pekee ambaye hakuwa ananichunguza uso kuona kama nimelia.

Nikamtia kwenye beseni langu lililopasuka, nikamwekea majani, nikafunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kesho yake nikaongeza wengine. Wengine ni wa kijani, wengine wa kahawia iliyokolea, nikadhani ni kabila tofauti kumbe ni ndugu. Mmoja aliota vitu vyeupe mgongoni kama punje za mchele. Nilifikiri ni mayai yake. Baadaye vikatoka vinyigu vidogo kuliko siafu na yeye akabaki ngozi tupu.

Dada, hawa wanakula. Ukiweka sikio kwenye chandarua unawasikia, chwa chwa chwa, hawapumziki. Ukiwapa majani ya jana wanayaacha. Yakinyauka tu, hawagusi. Kwa hiyo ilibidi niamke kabla jua halijachoma marando, nichume, nimwage vinyesi, nifute beseni, niwarudishe. Jioni tena. Wakati mwingine kiwavi anaacha kula, anashika jani na kutulia kama aliyesusa, nawe unadhani anakufa. Kumbe anavua ngozi. Anatoka mpya, kisha anageuka anaila ile ya zamani. Nililitazama hilo mpaka chai ikapoa.

Najua unachotaka kusema. Unataka kusema ni kwa sababu mimi na Owiti hatukujaliwa mtoto. Mama Brenda alishasema, tena kwa sauti, kwa hiyo wewe pumzika. Sikuwapenda kama watoto. Sikuwapa majina. Walikuwa wananiamsha, basi. Bila wao sijui ni nani angeniamsha.

Kisha wakanishinda. Wale wakubwa wakaacha kula, rangi ikaanza kuchafuka, wakaharisha, wakaanza kuzunguka beseni. Walizunguka ukingoni mchana kutwa bila kusimama. Mimi nikadhani ni ugonjwa, labda maji ya kwenye majani, nikawafuta mmoja mmoja kwa kitambaa, nikawawekea karatasi kavu safi ya unga. Wakazunguka juu ya karatasi. Wakapungua, wakakakamaa, wakafa wakiwa wamejikunja. Niliwatupa jivuni. Hata hapo sikuona kitu moyoni, ila nilirudi kukaa nikasahau kusogea jua liliponifikia, nikaungua mguu.

Jambo hili nililielewa kwenye matuta yenyewe. Nilimkuta mmoja mkubwa amechafuka rangi kama wale, anakwenda mbio ardhini. Nikamfuata. Anafika mahali anainamisha kichwa anajaribu kuchimba, anashindwa, anaendelea. Udongo wa Karungu unaujua, ulikanyaga mwenyewe. Ni mweusi, mvua ikinyesha unakuvua kiatu, kiangazi unakuwa tofali. Hatimaye akapata ufa, akateremka humo kichwa mbele, mkia na pembe yake vikamfuata. Nikaelewa. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanataka kuingia ardhini, nami nimewawekea karatasi.

Sasa udongo laini niutoe wapi? Jembe liko chini ya kitanda cha Mama. Nikiomba nichimbiwe nitaeleza nini? Nilijaribu kwa mwiko, ukapinda. Nikazunguka boma zima na beseni mkononi nikitafuta mahali palipochimbwa. Palikuwa na mahali pamoja tu, Dada, na unapajua.

Kuchukua udongo wa kaburi nisingethubutu. Hata kwetu ukionekana na udongo wa kaburi kwenye beseni huelezi mtu akakuelewa. Lakini kwa akili yangu ya siku hizo niliona kwamba kama siwezi kupeleka udongo kwa viwavi, nipeleke viwavi kwenye udongo. Nikapiga magoti nikawaweka pembeni mwa tuta la Owiti, upande wa miguuni. Waliingia bila kusitasita. Nikasawazisha vishimo kwa kiganja. Wote waliokuwa tayari siku zilizofuata niliwapeleka hapo.

Ungeniambia nitafute jambo baya zaidi la kuonekana nikilifanya katika nchi hii ya watu, nisingepata kuliko hilo. Unajua wakisikia Tanzania wao wanasikia uganga. Nilipoolewa, jirani mmoja alikuja kwa siri akaniomba dawa ya kumfanya mumewe asitoke nje. Nikamwambia ninayo Panadol. Owiti alicheka mpaka akakaa chini. Sasa fikiria mjane huyohuyo wa Tanzania, ambaye hakutoa hata chozi moja, amepiga magoti kwenye kaburi la mumewe akifukia minyoo yenye pembe.

Mama Brenda aliniona. Hakuniuliza chochote. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, na jioni nikaitwa chini ya upenu wa nyumba ya Mama. Okelo ni mzee wa kanisa, ni mtu wa haki, hakunipigia kelele. Alikaa ameshika kofia yake.

"Shemeji," akaniambia, "mimi sitaki maneno mingi. Hii mama ya Brenda inasema imeona wewe ukiweka wadudu kwa kaburi. Ni kweli ama ni uongo?"

"Ni kweli."

"Wadudu gani?"

"Viwavi. Wa kwenye marando."

"Sasa hiyo ni ya nini?"

Nikafikiri. Nilitaka kumweleza kuhusu karatasi na ufa na jembe, nikayaona maneno yote yako mbali, kama vyombo vilivyo juu ya kabati na mimi sina stuli. Nikasema, "Wanataka udongo."

Mama Brenda akapiga makofi mara moja. "Umesikia? Wanataka udongo! Nani aliwatuma?"

Mama aliniangalia, na hapo ndipo nilipoona kwamba ananiogopa. Huyu mwanamke aliyenifundisha kukaanga sangara, mbuta wanavyomwita huku, anayenizidi kimo na miaka na sauti, ananiogopa mimi. Lile liliniuma kidogo. Nakwambia kwa sababu ndilo jambo la kwanza lililoniuma tangu mazishi, nikalishangaa.

Okelo akaamua kiungwana, kwa njia yake. Kaburi lijengewe saruji haraka, wasingoje mwaka uishe kama walivyopanga. Litafungwa juu na pande zote, na maneno yatafungwa humo. Kisha siku za kilio zikiisha watawaita ndugu zangu waje wanichukue kwa amani. Alitumia neno hilo, kwa amani. Kwa hiyo unaona, gari la Kaka Daudi lilikuwa limeshaitwa na pande zote mbili. Nilisema sawa. Nilisema sawa kwa sababu niliona ni sawa. Bunda au Karungu, kukaa ni kukaa.

Fundi alikuja na matofali na mifuko ya saruji wiki hiyohiyo. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nachuma majani ya wale wadogo waliobaki. Nikasikia koleo linachanganya, lile kwaruzo la kokoto na maji. Nikawaza, wale walio chini watatokea wapi? Sikujua bado watatoka kama nini. Nilijua tu kwamba hakuna anayechimba na kuingia vile kama hana nia ya kutoka. Nikaendelea kuchuma. Kisha nikaona mkono wangu hauchumi.

Nilikwenda, Dada, nikaketi juu ya kaburi. Sikupiga kelele, sikumzuia mtu. Nilikaa tu upande wa miguuni, majani yangu mapajani. Fundi akasema, "Mama, tunaomba nafasi." Okelo akaja, akaongea nami kwa upole, kisha bila upole. Nilimsikia vizuri. Saruji ikaanza kukauka kwenye karai na fundi akawa analalamika. Watu wa njiani wakaanza kusimama kwenye ua. Nikasikia mwanamke mmoja akisema kwa wenzake, "Mwacheni alie, leo ndio imemfikia." Sikuwa nalia. Macho yalikuwa makavu kama ule udongo. Nakwambia wewe peke yako, wao waache na imani yao.

Mama alikuja mwisho. Alisimama mbele yangu na leso yake kiunoni.

"Nyar Tanzania," akasema. Alikuwa hajaniita hivyo tangu mazishi. "Toka hapo juu ya mtoto yangu. Ama uniambie umeweka nini."

"Mama, chimba uone."

"Mimi nichimbe?"

"Mimi nimekatazwa."

Akapiga magoti, huku magoti yakilia kwa sababu ni mtu mzima, akaanza kufukua kwa vidole pale nilipomwonyesha. Hakuna aliyethubutu kumkataza, ni kaburi la mwanawe. Akatoa bonge la udongo, likavunjika kiganjani mwake, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kahawia, laini, kinang'aa, kina mkono uliojikunja mbele kama mkono wa birika. Pembe hamna, miguu hamna. Nami nilikishangaa sawa na wao, kisha nikakitambua. Leokadia, ni yule wetu! Ni yule tuliyekuwa tunamfukua tukichimba viazi, tunamshika katikati ya vidole, tunamuuliza, "Mwanza iko wapi?" naye anazungusha mkia na kuonyesha. Maisha yangu yote sikujua kwamba yule na kiwavi wa pembe ni mmoja.

Nikamwangalia Mama. Alikuwa amekwisha kumshika katikati ya vidole, vilevile tulivyokuwa tunamshika sisi.

"Huyu!" akasema. "Huyu ni wa rabuon! Wa viazi! Okelo, si ni huyu mlikuwa mnanisumbua nayo kwa shamba, wewe na ndugu yako?"

Okelo akasogea. Akavua kofia. "Ni yeye," akasema, akacheka kidogo kwa aibu.

Mama akamsogeza karibu na uso. "Kisumu ni kanye?" akamuuliza, Kisumu iko wapi, kwa sauti ya mtoto kabisa. Mkia ukazunguka ukasimama. Watu wa kwenye ua wakacheka, mmoja akasema huko ni Tanzania, amepotea. Hata fundi akacheka. Mama naye alicheka, meno yake yote nikayaona. Kisha kicheko kikamwisha taratibu. Akainamisha kichwa, akamuuliza tena, polepole kiasi kwamba ni mimi tu niliyesikia.

"Owiti ni kanye?"

Mkia ukazunguka. Ukaenda upande huu, ukarudi, ukazunguka tena, haukusimama popote. Mama aliungoja. Nikaweka mkono wangu chini ya wake asimwangushe. Hatimaye akamrudisha shimoni mwenyewe, akamfunika, akapapasa udongo kama unavyompapasa mtu mgongoni alale.

"Weuru," akawaambia, acheni. "Okelo, hiyo simiti peleka kwa choo. Huko ndiko kuna ufa."

Mama Brenda akaanza, "Lakini mama..." Mama akamwambia, "Wewe pia ulizaliwa kwa shamba, usijifanye ya mjini." Hayo yakaisha.

Kesho yake niliamka nikamkuta Mama ameshazungushia kaburi matawi ya miiba, upande wa miguuni, kuku wasipekue. Jioni akaja na stuli yake akakaa mlangoni kwangu. Jioni nyingine hivyohivyo. Tunakaa tunaangalia lile tuta kama watu wanaongoja basi ambalo hawana hakika kama linapita. Kuna siku aliniuliza wanakula nini humo ndani. Nikamwambia sijui, nadhani hawali. Akasema, "Kama wewe." Sikujua kama ni utani.

Juzi, jua lilipokuwa linazama, ni Mama aliyeona kwanza. Akanipiga kwenye bega. Udongo ulikuwa umeinuka, akatoka mdudu aliyelowa, wa kijivu, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Akatambaa kwa haraka mpaka kwenye msalaba wa mbao wa kaburini, akapanda, akajining'iniza chini ya jina la Owiti. Tukasogea. Mabawa yalikuwa yanaongezeka tukiona kwa macho yetu, yakashuka, yakanyooka. Ubavuni ana mistari ya waridi, Dada, mizuri, nani angedhani. Ni nondo, wale wakubwa wanaokuja kwenye maua jioni wakisimama hewani. Alitetemesha mabawa kwa muda mrefu, nikafikiri ana baridi. Kisha akaruka juu ya jiko, akaelekea upande wa marando, na ndiyo mwisho wake.

Mama akasema asante, sijui alimwambia nani. Akainuka, akachukua stuli yake. Mimi nikabaki nimechuchumaa pale kwenye tundu alilotokea. Ni tundu dogo, linaingia kidole tu. Mama akanisubiri kidogo kisha akaniuliza, "Sasa unangoja nini? Si ametoka?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na jibu tayari, nilitaka kusema nangoja mwingine. Na nilipolisikia kichwani kabla halijatoka, nikajua ni nani huyo mwingine ambaye nimekuwa nikikaa mlangoni kila jioni kumngoja atoke kwenye ule udongo.

Hatatoka, Leokadia. Owiti hatatoka. Nilimwambia Mama hivyo, kwa Kiswahili, kama habari ambayo yeye hajaipata. Akaweka stuli chini. Nililia. Sikulia kama walivyotaka siku ile, hakuna aliyesikia zaidi ya yeye. Mama alinishika kichwa akakibana tumboni kwake, leso yake inanuka moshi na omena, akasema, "Eeh. Eeh. Hivyo." Halafu naye.

Usifurahi sana. Leo asubuhi nimeamka mzito vilevile. Nafagia, nakaa. Lakini jibu lako ni hili. Mwambie Kaka Daudi asije na gari. Siku za kilio zikiisha nitapanda basi mwenyewe nije niwasalimie, nikae kidogo, nikukande huo mguu, halafu nirudi huku. Najua watu watasema mtu kwao, nami sina hata mtoto wa kunifunga hapa. Ni kweli. Lakini hapa kuna mtu mmoja ambaye naye anaangalia tundu lilelile, na nikiondoka atabaki kuliangalia peke yake. Bunda mnanipenda wote, ila hakuna hata mmoja wenu aliyemzaa Owiti. Usikasirike. Nimekaa nalo na ndivyo lilivyo.

Mama amenirudishia jembe leo, kabla ya wazee kukaa. Ameliegemeza mlangoni akasema, "Kuna kutu. Piga msasa." Okelo amejifanya hajaona.

Nisalimie baba mdogo, mwambie shati alilomwachia Owiti siku ya mazishi alizikwa nalo. Msalimie mama yangu wa ubatizo, kwaya yote ya jumuiya, na mwalimu wa katekisimu kama bado anasikia. Wape watoto wako busu, na yule mdogo mpe mawili kwa sababu ana jina langu. Kaka Daudi mshukuru kwa gari, kwa kweli mshukuru. Shemeji mwambie akupeleke hospitali hata kwa kukubeba. Mama Kulwa anakuletea na viazi kidogo vya Owiti. Vimeliwaliwa majani lakini chini vimejaa.

Na ukinipigia simu, piga hata kama huna la kusema. Nikinyamaza usidhani mtandao umekata. Usikate. Kaa hapohapo.

Mdogo wako,
Veneranda